Stemu Isiyolingana na Uma wa Baiskeli ya Zamani: Usugue, Ujazie Bati, Uweke Adapta au Ubadilishe Uma?

Tairi la baiskeli kuukuu linapatikana kila mtaa, na cheni vilevile. Stemu, kile kipande kinachoshika usukani na kuuunganisha na uma unaobeba gurudumu la mbele, ni habari nyingine. Ile ya zamani imepata ufa, au kutu imeimaliza, au usukani umekaa mbali mno hadi mgongo unauma. Unakwenda kwa wauza spea, unaletewa stemu inayofanana kabisa na yako, ukifika nyumbani ama inacheza ndani ya bomba la uma, ama inagoma kuingia. Hapo ushauri huanza kumiminika: isugue, izungushie bati, weka adapta, badilisha uma mzima, ichomelee tu yaishe.

Njia zote hizo zinaweza kuufanya usukani usimame. Swali ni usukani huo utafanya nini siku unabana breki ya mbele mteremkoni na mzigo uko nyuma. Stemu ikiteleza ndani ya uma, mikono inakata kona lakini gurudumu linakwenda moja kwa moja. Ikikatika, hakuna cha kushika. Kwa sababu hiyo nimezilinganisha njia hizi kwa usalama kwanza, gharama baadaye, na muonekano mwisho kabisa.

Pima kwanza

Uma wa baiskeli nyingi za zamani una hesi juu, yaani mistari ya kufungia nati. Nati mbili zinazishika gololi, na stemu inazama ndani ya bomba. Bolti ndefu inayopita katikati inavuta kabari, au koni kwenye stemu nyingine, mpaka ikandamize ukuta wa bomba kwa ndani. Nitaiita stemu ya kuzama. Kuanzia miaka ya 1990 ukaenea mfumo mwingine: uma hauna hesi, bomba lake linachomoza juu ya fremu, na stemu inalikumbatia kwa nje kwa bolti za pembeni. Hiyo nitaiita stemu ya kubana. Stemu ya kubana haifungwi kwenye uma wenye hesi, wala ya kuzama haifungwi kwenye uma usio na hesi.

Kwa uma wenye hesi, kipimo kinachoamua karibu kila kitu ni kipenyo cha ndani cha bomba. Vinavyokutwa zaidi ni hivi:

- Bomba la milimita 25.4 kwa nje, stemu ya 22.2. Hiki ndicho cha Raleigh nyingi zilizotengenezwa Nottingham, Uingereza, cha baiskeli za Kijapani za mtumba na cha sehemu kubwa ya baiskeli za Ulaya.
- Bomba la milimita 25.0 kwa nje, stemu ya 22.0. Baiskeli za Kifaransa, Peugeot zikiwemo, kabla viwanda vya huko havijahamia vipimo vya kimataifa katika miaka ya 1980.
- Bomba la milimita 25.4 kwa nje lakini lenye ukuta mnene, stemu ya 21.1. BMX za zamani za Marekani na baadhi ya baiskeli za bei nafuu za huko.
- Bomba la milimita 28.6 kwa nje, stemu ya 25.4. Baiskeli za milimani za mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Angalia namba 25.4 ilivyojirudia. Ni kipenyo cha nje cha bomba moja, ni kipenyo cha stemu ya bomba jingine, na pia ni kipenyo cha usukani pale unaposhikwa na stemu kwenye baiskeli nyingi. Muuzaji akikwambia "hii ni ya inchi moja", muulize inchi moja ya wapi. Pesa nyingi hupotea kwa kutouliza swali hilo.

Tofauti ya 22.0 na 22.2 haionekani kwa macho wala kwa rula. Azima kalipa, kile chombo cha taya mbili cha kupimia vipenyo. Pima mdomo wa bomba pande mbili zinazokatana, maana bomba lililowahi kukazwa kupita kiasi huwa limevimba au limekuwa la yai. Kisha pima stemu ya zamani yenyewe. Nyingi zimegongwa namba kwenye sehemu inayozama. Ukikosa kalipa, jaribu kwa mkono: stemu ya kipimo sahihi iliyopakwa grisi nyembamba inashuka kwa kusukumwa taratibu, haihitaji nyundo, na haitikisiki kushoto na kulia hata kabla hujakaza bolti.

Ili upime ni lazima ya zamani itoke. Legeza bolti ya juu mizunguko michache tu, usiitoe. Weka kipande cha mbao juu ya kichwa chake, ugonge mara moja kwa nguvu ili kabari idondoke. Stemu ya alumini iliyokaa miaka ndani ya uma wa chuma bila grisi, hasa kwenye hewa ya chumvi ya Tanga, Mombasa au Unguja, hushikana na bomba kana kwamba imemiminwa humo. Mafuta ya kupenya na subira ya siku kadhaa vinashinda bomba refu la kunyongea, ambalo mara nyingi hupinda uma kabla stemu haijaachia.

Stemu ya kipimo chake, hata kama ni ya mtumba

Hili ndilo chaguo langu kwa baiskeli ya kazi, na nalisema nikijua kwamba ndilo linalotaka kuzunguka zaidi. Ukihitaji 22.2, hazina iko kwenye rundo la baiskeli zilizokufa nyuma ya kila gereji inayoshughulikia mtumba wa Japani. Stemu ya chuma isiyopinda ya baiskeli ya bibi wa Kijapani itakuzidi umri. Ya alumini ichunguze kwa jicho kali: futa uchafu kwa petroli, itazame mahali inapopinda kuelekea mbele, kwenye tundu la bolti, na kwenye mpasuko wa chini kama inatumia koni. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kuitupa. Stemu za Kifaransa za AVA za zamani, zenye mpasuko chini, zina sifa mbaya ya kukatika hapo hapo. Ukikutana nayo ikiwa bado kazini, iondoe.

Mambo mawili ya kuangalia yanahusu kina. La kwanza ni alama ya chini kabisa ya kuzama. Viwango vya usalama vinataka alama hiyo iwe juu ya ncha ya chini kwa angalau mara mbili na nusu ya kipenyo cha stemu, maana yake kama milimita 55 kwa stemu ya 22.2. Ikionekana nje, stemu imepandishwa mno. La pili linasahaulika hata na mafundi wazoefu: kabari ikae chini ya eneo la hesi. Hesi zimeshakula ukuta wa bomba kwa nje; kabari ikisukuma pale kwa ndani, bomba linavimba, nati ya juu inakataa kuzunguka, na siku moja kichwa cha uma kinakatika kwenye mstari wa hesi. Stemu fupi inayotosha kwa alama lakini kabari yake ikaishia kwenye hesi haifai, hata kama imeingia vizuri.

Upande wa pili, mabomba mengi yana ukuta unaonenepa kuelekea chini. Stemu ndefu ikikwama katikati, hapo ndipo ilipofika. Usiipige.

Udhaifu wa njia hii uko kwenye usukani. Stemu hizi kwa kawaida hushika usukani kwa tundu lililofungwa kwa bolti moja, kwa hiyo kubadilisha usukani ni kuvua mipira ya mkononi na mikono ya breki. Tena tundu lenyewe lina vipimo vyake: 25.4 kwa baiskeli nyingi, 26.0 kwa za mbio za mtindo wa Kiitaliano, 25.0 kwa za Kifaransa. Usukani wa 25.4 kwenye tundu la 26.0 unaokolewa na bati la unene wa milimita 0.3 lililozunguka vizuri. Kinyume chake hakifai: kulipanua tundu la 25.4 kwa bisibisi ili limeze usukani wa 26.0 ni kuanzisha ufa kwa mkono wako.

Kusugua

Hapa ndipo mwenye Peugeot ya Kifaransa ya miaka ya 1970 anapopata unafuu. Stemu za 22.0 ni adimu, za 22.2 zimejaa, na kinachozitenganisha ni sehemu ya kumi ya milimita kila upande. Alumini inakubali kupunguzwa kiasi hicho bila kudhoofika kwa maana yoyote.

Piga mstari wa penseli mahali stemu itakapoishia kuzama. Kata ukanda mrefu wa msasa wa namba 120, ibane stemu kwenye jiriwa lenye mbao, kisha vuta ukanda huku na huku kama unavyong'arisha kiatu kwa kitambaa. Geuza stemu robo mzunguko kila baada ya mivuto michache, la sivyo utaifanya ya yai. Pima mara kwa mara. Vumbi la alumini ni jeusi na linaingia kila mahali, vaa barakoa. Usisahau kabari: nayo ina kipenyo cha 22.2 na ikiachwa ilivyo ndiyo itakayokwama. Malizia na msasa laini, pangusa, paka grisi, jaribu. Ikishuka kwa mkono bila kutikisika, acha hapo hapo. Fundi mwenye mashine ya kukereza chuma anaifanya kazi hii kwa muda mfupi na kwa uduara mzuri zaidi, na kama yuko jirani mlipe yeye.

Kuna mipaka ambayo siivuki. Stemu ya chuma yenye kromi siisugui: kromi ni ngumu, na ikishaondoka kutu inaanza siku hiyo hiyo. Stemu ya 22.2 siipunguzi ifike 21.1, maana hapo ukuta unapoteza zaidi ya nusu milimita pande zote na stemu imekuwa kitu kingine. Na bomba la uma halichokonolewi kwa ndani kwa tupa ili stemu ipite. Bomba la Kifaransa lina ukuta wa milimita 1.5 tu, na hesi zimeshachukua fungu lao kwa nje. Kinachosuguliwa ni stemu, ambayo ikiharibika unatafuta nyingine. Uma ukiharibika umepoteza baiskeli.

Kujazia bati

Hali ya kinyume: stemu ya 22.0 kwenye bomba la 22.2. Kopo la soda lina bati la karibu milimita 0.1, hesabu inakaa sawasawa, na ndiyo maana fundi wengi hulikimbilia. Mimi nalikubali bati kwenye tundu la usukani, ambako chuma kinabana kuzunguka pande zote. Ndani ya uma silikubali. Kabari inasukuma upande mmoja, sehemu ndogo, kwa nguvu kubwa. Bati jembamba hukunjamana, hushuka kidogo kidogo kila unapopita kwenye matuta, na maji yakiingia kati ya alumini na chuma unapata ule mshikamano niliousema hapo juu. Ukilinganisha na kutafuta stemu ya 22.2, ambayo ndiyo ya kawaida kuliko zote, kopo halina sababu.

Slivu, yaani kibomba cha kujazia nafasi, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo ni jambo tofauti. Baiskeli ya milimani yenye bomba la stemu ya 25.4 inaweza kupokea stemu ya 22.2 kwa slivu yenye ukuta wa milimita 1.6, iliyopasuliwa kwa urefu ili ikubali kutanuliwa na kabari, na yenye ukingo juu unaoizuia isitumbukie. Sharti ni moja: iwe ndefu kiasi cha kuipita kabari kwa chini. Slivu fupi inayoishia juu ya kabari inaziba tu uwazi wa mdomoni.

Adapta

Adapta ni kiguzo cha alumini. Chini kina umbo la stemu ya kuzama, na kabari yake. Juu kina kipenyo cha 28.6 ili kipokee stemu ya kisasa ya kubana. Zipo za 22.2 na zipo za 25.4. Mwenye bomba la Kifaransa ataisugua kama alivyosugua stemu.

Ukiacha bei, hii ndiyo njia inayokupa uhuru mkubwa. Stemu za kubana zina kifuniko cha mbele chenye bolti mbili au nne, kwa hiyo unabadilisha usukani bila kuvua kitu. Unaweza kuchukua fupi, ndefu, ya kuinuka, ya tundu la 25.4 au la 31.8, na zinapatikana kirahisi kuliko za zamani. Kwa mtu ambaye bado anatafuta mkao wake, au anayetaka kugeuza baiskeli ya mbio iwe ya kwendea kazini na usukani ulionyooka, sioni kinachoishinda.

Gharama zake nyingine ni uzito, kwani unabeba vipande viwili mahali pa kimoja, na urefu: stemu inakaa juu ya nati, haishuki chini kama ya zamani. Anayependa kuinama hatafurahi. Anayeugua mgongo atafurahi, lakini huenda waya za breki zikawa fupi na zikahitaji kubadilishwa. Muonekano pia unabadilika, na kwenye baiskeli nzuri ya zamani kiguzo kile kinene kinaumiza jicho langu.

Kuna kosa linalojirudia kwenye adapta. Kwenye uma usio na hesi, bolti ya juu kabisa ndiyo inayokaza gololi. Kwenye adapta, bolti ya juu inavuta kabari tu. Gololi zinarekebishwa na zile nati mbili za zamani, kabla adapta haijaingia. Mtu akisikia uma unagonga kisha akaikaza bolti ya juu ya adapta mpaka basi, anavimbisha bomba na mgongano unabaki pale pale. Hakikisha pia stemu imekaa kikamilifu kwenye sehemu ya 28.6, ikining'inia nusu juu ya ukingo, bolti moja inabana hewa.

Kubadilisha uma

Ninaufikiria uma mpya ikiwa tu ule wa zamani umepinda, umepata ufa au hesi zake zimekwisha. Kuubadilisha kwa ajili ya stemu peke yake ni kununua matatizo mapya. Uma usio na hesi wa 28.6 hauingii kwenye fremu ya inchi moja, yaani ya bomba la uma la 25.4: vikombe vyake vya gololi vinataka tundu la milimita 34, na fremu yako ina kama 30. Usio na hesi wa 25.4 upo, lakini ni adimu. Halafu kuna pete ya chini inayokaa juu ya mabega ya uma: ya baiskeli nyingi za Kijapani inakalia milimita 27.0, ya kiwango cha kimataifa 26.4, na hizo mbili hazikubaliani.

Kwa Raleigh kuna mtego wa ziada. Nyingi za Nottingham zina hesi 26 kwa inchi, wakati kawaida ya dunia ni 24. Nati ya kawaida itashika mzunguko mmoja au miwili kisha itakaza. Ukiilazimisha kwa spana umezifuta hesi za uma. Ukinunua uma, nunua na nati zake na kikombe chake cha juu vikiwa bado vimefungwa juu yake.

Kuchomelea, na stemu ya kubana juu ya hesi

Hizi siziweki kwenye mizani. Stemu ikichomelewa kwenye uma, gololi hazirekebishwi tena wala kupakwa grisi, na chuma kando ya mchomeleo ndicho kinachopata ufa kwanza. Stemu ya kubana iliyofungwa juu ya hesi imeshika kipande kifupi cha bomba jembamba ambalo halikutengenezwa kubanwa kwa nje. Fundi akikupendekezea mojawapo, mshukuru, uchukue baiskeli yako.

Jaribio la mwisho kwa njia yoyote

Simama mbele ya baiskeli, bana gurudumu la mbele kati ya magoti, zungusha usukani kwa nguvu za mikono miwili. Usigeuke kwa urahisi. Lakini usikazwe mpaka usigeuke hata ukianguka, kwani ni heri usukani uzunguke kuliko uma upinde. Kisha bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma huku umegusa nati kwa kidole: ukihisi kugonga, rekebisha gololi, usiiguse stemu. Rudia ukaguzi baada ya siku chache za kuendesha.

Kama breki zako ni za vijiti

Kwenye zile baiskeli nyeusi ndefu zenye breki za vijiti vya chuma, usukani, stemu na mikono ya breki mara nyingi vimeunganishwa kuwa kitu kimoja. Stemu yenyewe kwa kawaida si tatizo. Tatizo ni kwamba ukiitoa umetoa breki. Utasema nitafunga za waya, lakini vibao vya breki za vijiti vinabana rimu kwa upande wa ndani, ule unaoelekea kitovuni, na rimu hizo zina mbavu za mviringo zisizo na mahali pa breki ya waya kushika. Kwa hiyo stemu inavuta breki, breki zinavuta rimu, na rimu inavuta gurudumu zima. Mwenye baiskeli hiyo ningemshauri atafute usukani mwingine wa aina ile ile kutoka kwenye baiskeli iliyokufa. Kama bado anautaka usukani wa breki za waya, aanze kwa kununua gurudumu la mbele.